Dakika Moja, Ratili Nne

Kosa langu la kwanza: nilidhani upepo ndio unaoshika.
Kila mtu hudhani hivyo, alisema Ketterling,
akipangusa kamasi kwa glavu.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri, uwanja wa changarawe, Minot,
asubuhi ambayo hata mbwa wa jirani aliona kubweka ni hasara.
Upepo haulishiki lori, mama. Upepo hulifungua.
Kinachoshika ni springi.

Usiku nikarudia peke yangu, namenya viazi:
nyuma ya gurudumu kuna chemba,
ndani ya chemba kuna springi nene, imebanwa,
inangoja.
Upepo ukijaa, inakubali kurudi nyuma.
Upepo ukiisha, inaruka, breki zinakaba,
na tani thelathini na sita zinaganda barabarani
bila kumwomba dereva ruhusa.
Lori ni kiumbe kisichoamini mtu.
Kila asubuhi ulishawishi upya.

Miaka kumi na minne nilipika katika shule ya msingi
mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto.
Vipimo navijua. Binti yangu Solveig anashika kadi:
Kompresa inapumzika lini?
Mia na ishirini na tano, hapo karibu.
Buza inalia lini?
Kabla sindano haijashuka chini ya hamsini na tano.
Vitufe vinaruka lini?
Kati ya arobaini na tano na ishirini.
Matangi yanamwagwa maji lini?
Kila siku, kila siku,
maana maji yakiganda ndani ya vali
utakanyaga pedali na pedali haitakujibu.
Baba alikuwa anakujibu? akauliza, kadi bado mkononi.
Nikasema: uliza ya kitabuni.

Mtahini aliitwa Bjerke.
Wino wa kalamu yake umeganda, anaipumulia.
Nikawasha. Sindano mbili zikapanda
kama wapangaji wa ngazi moja wasiosemezana.
Kwenye mia na ishirini na tano lori likapiga chafya.
Limeshiba.
Nikasema kwa sauti, maana lazima useme kwa sauti:
magurudumu yamewekewa vigingi, nazima injini, narudisha swichi,
nasukuma kitufe cha njano, nasukuma chekundu,
nakanyaga, na sitaachia.
Dakika moja. Upepo usipungue zaidi ya ratili nne.

Kumi. Ishirini.
Kisha nikaisikia, nyuma ya kibanda,
sauti nyembamba, ya sufuria
ambayo kifuniko chake kimekaa upande.
Miaka kumi na minne niliisikia nikiwa nimelipa jiko mgongo,
nikajua ni sufuria ipi.
Hamsini. Sitini.
Saba.

Bjerke alikuwa anaitazama kalamu.
Ningeweza kusema nne. Nne ni neno fupi.
Pale dirishani mwa ofisi, kikombe mkononi, alisimama Ketterling,
mwenye lori, mwenye mpira wa bluu
aliosema tangu Novemba kwamba ataubadilisha kesho.
Na mimi nimekwisha kulipa, kwa hela ya mwisho ya shule.

Saba, nikasema.
Saba?
Saba. Mpira wa bluu, pale unapokamatana na tela.
Huvuja nikikanyaga tu. Shuka usikilize.

Akashuka. Akafunua sikio moja katika baridi ile,
akainama, akakaa hivyo muda mrefu
kama mtu anayepewa siri asiyoitaka.
Mguu wangu ulikuwa unatetemeka juu ya pedali. Sikuachia.

Akaandika kwa penseli: gari halifai.
Alhamisi ijayo, bibi. Na lori zima.

Ketterling hakusema kitu mpaka tulipopita maghala ya ngano.
Ungesema nne, akasema.
Ningesema, nikajibu.
Akaongeza hita.

Solveig mlangoni, soksi moja mguuni:
Umefaulu?

Lori limefeli, nikamwambia.
Mimi bado sijaulizwa.